Hawakuchukua Yai

Sogea unisikilize vizuri, maana nitaanza mbali kidogo, kwenye mifupa, na nisingependa tupoteane njiani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu ana tabia ya kumweleza jambo hata mtu ambaye hakuuliza. Nivumilie. Ukishaielewa mifupa utazielewa kaunta buku nne za mdogo wangu, madaftari yale manene, na ukizielewa hizo utajua kwa nini mpaka leo sijui hadithi yake iliishaje.

Ukitoka Lindi mjini ukaelekea bara, kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Zamani za Wajerumani, hapo ilichimbwa mifupa ya mijusi wakubwa kuliko mnyama yeyote tunayemjua. Watu wa huku ndio walioichimba, wakaifunga, wakaibeba vichwani siku kadhaa hadi pwani, ikapakiwa melini ikaenda zake Ulaya. Watoto wa mkoa wetu wanasimuliwa habari hiyo shuleni, na mimi nimeisimulia mara nyingi. Mara moja nilimsimulia mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, amelala sebuleni kwa mama, Kilwa Masoko, miguu imefunikwa blanketi mchana wa jua kali.

Alizaliwa na selimundu. Kama ugonjwa huu huujui, ni hivi: chembe za damu, badala ya kuwa za mviringo, hujipinda kama mundu, kisha hukwama kwenye mishipa midogo. Zikikwama, mfupa ulio karibu unauma, na maumivu yake sina mfano wa kukupa. Baridi huyaleta, kiu huyaleta, uchovu huyaleta. Ndiyo maana alitembea na chupa ya maji na akavaa sweta hata mwezi wa Januari. Wenzake wa chuo, pale walipojifunza Kurani, walimwita Bibi. Yeye aliwajibu, "Basi nipeni shikamoo yangu." Wengine walijikuta wanaitoa kweli kwa mazoea, naye aliwaitikia marahaba kwa sauti nzito, huku mwenyewe akijizuia kucheka.

Mimi nilimzidi miaka kumi na minne. Miguu yake ilipokataa, nilimbeba mgongoni kwa kanga hadi chuoni na kumrudisha, mpaka alipokuwa na miaka tisa na miguu yake ikaanza kuburuta karibu na visigino vyangu. Njiani nilimweleza kila tulichokipita: kwa nini chokaa ni nyeupe, kwa nini kaa anatembea upande. Alisema masikio yake yalichoka kabla ya mgongo wangu.

Siku ile ya mifupa aliniuliza inawezaje kukaa ardhini miaka yote hiyo bila kuoza. Nikamweleza kwamba maji hupenya udongoni yakiwa yamebeba chembechembe za madini. Mfupa unaondoka kidogo kidogo, na kila palipoondoka kitu panaingia jiwe. Mwisho wake mfupa wenyewe haupo tena. Lililobaki ni jiwe lenye umbo la mfupa.

"Kwa hiyo wale wabebaji walibeba umbo," akasema.

Nikamwambia ndiyo, unaweza kusema hivyo.

"Walichukua mifupa tu?"

"Mifupa tu."

Akavuta blanketi hadi kidevuni, nikadhani anasinzia. Kisha akasema, "Hawakuchukua yai."

Hadithi yake ilianzia hapo. Aliiandika kwa miaka mitano, na ilikuwa hadithi ya msichana anayepanda joka.

Nikupe kwa ufupi, maana sasa ni mimi peke yangu ninayeweza kukupa. Msichana anaokota korosho katika shamba la babu yake kule Tingi. Anakuta jiwe la mviringo, zuri, zito, analibeba hadi nyumbani. Mama yake anakaanga vitumbua vya kuuza, na figa moja la jikoni limepasuka, basi lile jiwe linawekwa kuwa figa la tatu. Miezi inapita, moto unawaka kando yake kila alfajiri. Siku moja kikaango kinapinduka, mafuta yanamwagika, na kwenye majivu kinakaa kitu chenye mabawa kinachotafuna kitumbua cha moto.

Mama yetu naye alikaanga vitumbua vya kuuza, na aliisikia sura hiyo akiwa jikoni. Akauliza huyo mama wa kwenye hadithi alisema nini alipoliona joka.

"Alisema linawe mikono kwanza," mdogo wangu akamjibu.

Tangu siku hiyo mama akawa anagonga figa la tatu kwa kijiko kila alfajiri kabla ya kubandika kikaango, kisha anasema, "Bado." Ulikuwa mchezo wao wawili.

Joka lilikua. Lilipenda mabibo, matunda ya mkorosho, na msimu wake lilikula yaliyochacha likalewa, likatua juu ya paa la ofisi ya kata likalala hadi adhuhuri, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kuingia kuomba barua. Lilimbeba msichana juu ya mikoko na juu ya mashamba ya ufuta. Tumbo na shingo yake vilikuwa vya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na msichana alipojilaza juu yake, mifupa yake, ambayo nayo iliuma, ilitulia.

Hayo yalijaza kaunta mbili za kwanza. Katika ya tatu, msichana anagundua jambo. Joka limeanza kuruka chini chini. Zamani lilipita juu ya mawingu, sasa linagusa vilele vya minazi. Anachunguza, anapima, mpaka anaelewa kwamba maumivu hayapotei. Kila anapojilaza kwenye shingo, yanatoka mifupani mwake na kuingia mifupani mwa joka, na joka halikuwahi kumwambia. Wazee wa kwenye hadithi wanamweleza kwamba kila mpanda joka hufikiwa na Siku ya Kushuka. Anayeshuka amekuwa mtu mzima, na joka lake hupaa likiwa jepesi. Anayekataa kushuka huendelea kuwa mtoto, hadi siku ambayo joka halitainuka tena. Kaunta ya nne ilikuwa ya kuijibu hiyo siku.

Kufikia wakati huo mimi nilikuwa nimepangiwa kufundisha kijijini Kikole. Mtandao wa simu wa uhakika ulipatikana nyuma ya tangi la maji la shule, ukisimama upande wa kulia, basi kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda kusimama hapo, naye alinisomea sura kwa simu yake ya tochi. Sikuwahi kuzishika zile kaunta mkononi. Kwangu mimi hadithi ilikuwa sauti. Niliposikia jambo lisilokaa sawa nilimkatiza: joka la uzito huo mabawa yake yana upana gani, msichana anakula nini siku tatu angani?

"Mwalimu, wewe ungeliuliza joka lina kibali cha kuruka," aliniambia.

Ijumaa moja aliniambia kwamba joka lake ndilo linamsumbua sasa, kwa sababu linaeleza sana. Likipita juu ya mto linaueleza mto. Nikamuuliza kalitoa wapi joka la namna hiyo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mgongo wake mpana kama wako, dada. Zaidi ya hapo sisemi."

Kuna jambo jingine aliloniambia kuhusu joka, na nililipokea kama utani wa kitoto. Maneno ya joka hakuyaandika kwa herufi za shule. Aliyaandika kwa herufi za chuo, Kiswahili kile kile lakini kwa maandishi ya Kiarabu, kama babu zetu walivyoandikiana barua. Alisema joka ni la zamani mno, haliwezi kuongea kwa herufi tunazoandikia fomu. Aliyemfundisha kuandika hivyo alikuwa shangazi yetu wa Kivinje. Shangazi hakusoma shule. Ukimpa gazeti atakurudishia, lakini ukimpa maandishi ya chuo atakusomea hadi umwambie basi. Ndiye pia aliyemfundisha kwamba kila kazi njema huanzwa kwa Jina la Mungu.

Mwezi wa Juni, wiki ya kufunga shule, alinipigia yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa na furaha ya mtu aliyekimbia, ingawa hakuwahi kukimbia.

"Nimemaliza, dada."

Nikamwambia asome, nipo nyuma ya tangi, nimeshika ukuta kabisa.

"Hii siyo ya simu. Hii nitakusomea ukiwa umekaa."

Nikambembeleza aniambie jambo moja tu, anashuka au hashuki. Akaniuliza mimi ninafikiri nini. Nikajibu kama mwalimu: lazima ashuke, arudi nyumbani, aendelee na masomo, maana watoto wanaosoma wanahitaji kuona mtu anarudi.

"Hata joka umelipeleka shule," akasema. "Njoo, utaona."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi.

Jumamosi sikwenda. Nilikuwa na ripoti za wanafunzi sijazimaliza, nikasema nizimalize kabisa, niende Jumatatu nikiwa sina kazi mkononi. Ripoti zilikuwa karatasi. Zingeingia kwenye begi. Zingeweza kujazwa sebuleni kwa mama. Nimeshaligeuza jambo hili kila upande na siwezi kulifanya liwe dogo. Jumamosi jioni kifua kilimbana, wakampeleka hospitali, na Jumapili asubuhi mama alinipigia akasema neno moja tu, njoo, kwa sauti ambayo haikuhitaji neno la pili. Nilifika wakati anaoshwa. Tulimzika baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Nilikaa matanga, kisha nikarudi Kikole na zile ripoti, ingawa shule ilikuwa imefungwa, kwa sababu mtu anarudi kazini. Wiki tatu baadaye shangazi alinipigia. Alikuwa kwa mama, wanaondoa vitu vya marehemu chumbani, nguo zinagawiwa. Mama hakuweza kugusa chochote, alikuwa amekaa mlangoni tu. Shangazi alisema kwenye rafu kuna madaftari mengi, na mengine yana Jina la Mungu. Afanyeje nayo?

Nisikilize hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, hatua kwa hatua. Nilisema karatasi yenye Jina haitupwi jalalani, wala haifungiwi karanga, na kwa mama ambako kila karatasi hufungiwa vitumbua tuwe waangalifu zaidi. Nikamwambia afungue daftari moja moja na aangalie juu ya ukurasa. Lenye Bismillahi aliweke kando. Akimaliza, ayafunge yote katika kitambaa cheupe, safi, ayazike mahali ambapo mguu wa mtu haukanyagi. Yasiyo na Jina wapewe watoto wa jirani wamalizie kurasa zilizobaki. Halafu, kama ninavyowafanyia wanafunzi, nikamwomba arudie. Akarudia, hatua zote, bila kuruka hata moja. Nikamwambia, "Vizuri sana, shangazi."

Sikuziwaza kaunta hata kidogo. Nimekwambia, kwangu hadithi ilikuwa sauti. Sikujua kwamba mdogo wangu, kila alipoanza sura mpya, aliandika Bismillahi juu ya ukurasa kwa herufi za chuo, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliofundishwa. Shangazi alifungua, akaliona Jina, akaibusu kaunta, akaiweka kando. Mara nne. Nyumbani kwa mama wateja wanakanyaga kila pembe ya ua, kwa hiyo alizichukua hadi Kivinje, akazizika nyuma ya msikiti mdogo anaoufagia, kwenye kona ya ukuta ambako hapapiti mtu.

Nilikuja kwenye arobaini. Wageni walipoondoka, nikamwomba mama zile kaunta, nikasema sasa nipo tayari kusoma sura ya mwisho. Mama akanionyesha rafu. Ilikuwa imefutwa vumbi, tupu, na juu yake imewekwa chupa ya maji ya marehemu.

"Shangazi yako alifanya kama ulivyomwelekeza," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alidhani najua.

Ningekwenda Kivinje siku ile ile, huenda leo ningekuwa na kitu cha kukusomea. Sikwenda. Niliona haya. Shangazi alikuwa ameniambia kwenye arobaini ile, kwa fahari ya kimya, kwamba vitu vya mtoto vimesitiriwa, hakuna kilichodharauliwa. Ningeanzaje kumwambia? Tena nilijiuliza kama inafaa kufukua kilichozikwa kwa heshima. Nilirudi Kikole na swali hilo, nikalikalia kama mtu anayesubiri lijijibu. Ijumaa nilizipitisha nikiwa nyuma ya tangi la maji, simu mfukoni. Mvua za vuli zikaja. Desemba, shule zilipofungwa, ndipo nilipokwenda kumuuliza mwalimu wa chuo, mzee mpole aliyemfundisha mdogo wangu. Akanijibu kwa muda mfupi kuliko ule niliotumia kuuliza. Alisema nia ikiwa njema hakuna kizuizi, akaniuliza kwa nini nilichelewa.

Kwa shangazi nilikaa tukanywa chai kwanza. Nilimwambia kwamba kati ya yale madaftari kulikuwa na hadithi aliyoitunga mtoto mwenyewe, na kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyeeleza na sikueleza yote. Nilitegemea atafoka, au atalia. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akatoka na jembe dogo la bustani.

Tulikwenda asubuhi hiyo hiyo. Alitandika mkeka kwanza, ili kitakachotoka kisiguse chini, kisha akachimba mwenyewe, akanikataza nisimsaidie. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Kitambaa kilionekana kwanza, kimekuwa cha rangi ya chai, kikakatika tulipokivuta. Halafu zikaonekana kaunta. Nilipiga kelele ndogo ya furaha, kwa sababu zilikuwa nzima. Mdogo wangu alizifunika zote kwa nailoni ngumu ili zisiharibiwe na mafuta ya jikoni, na nailoni haikuwa imepata doa. Pembe nne, mgongo, unene wake, vyote vilikuwepo. Niliona hata alama ya kalamu nyekundu, moja, mbili, tatu, nne.

Nikaishika ya nne. Ilikuwa nzito kuliko daftari.

Nilipofungua nailoni, ndani hapakuwa na karatasi. Mchwa walikuwa wamezila zote, na kila walipotoa karatasi walijaza udongo wao, mwembamba, tabaka juu ya tabaka, umekauka ukashika vizuri. Ilikuwa kaunta buku ya udongo. Nilijaribu kutenganisha tabaka moja kwa ukucha, likavunjika. Nikajaribu ya tatu, ya pili, ya kwanza. Zote zilikuwa hivyo. Kilichokuwa kimeandikwa kiliondoka kidogo kidogo, na kila kilipoondoka paliingia udongo.

Shangazi alikuwa ananitazama, anasubiri nieleze. Ndiyo kazi yangu, kila mtu kwenye ukoo anajua. Nilifungua mdomo nimweleze habari ya mifupa, sikuweza. Nilikaa kwenye mkeka na ile kaunta mapajani, nikalia, na yeye akanishika kichwa.

Baadaye, tulipokuwa tumetulia, alisema kuna jambo hakumwambia mtu. Siku ile alipokuwa anafungua madaftari, alikuta katikati ya maandishi ya shule kuna mistari ya herufi za chuo, na macho yake yakasoma kabla hajayazuia.

"Ile ya shule sijui, ndiyo hiyo hadithi unayosema," akaniambia. "Lakini yale mengine hayakuwa hadithi, mwanangu. Yale alikuwa anaambiwa."

Nikamuuliza alikuwa anaambiwa na nani. Hakujibu moja kwa moja. Alisema yalikuwa maneno ya upole. Yalimwambia apande, ashike shingo, asiangalie chini. Yalimweleza mto ni nini na mawingu yanatoka wapi, kwa urefu, kama mtu mwenye muda wote wa dunia. Aliona si halali kusoma siri ya mgonjwa na Mola wake, akaacha. Ila alipofika daftari la mwisho, ukurasa wa mwisho kabisa, mstari wa mwisho ulikuwa wa herufi za chuo, na huo aliusoma wote.

Nilimwomba anisomee. Alifumba macho, kama anavyofanya anaposoma alichokihifadhi.

"Shuka sasa. Miguu yako haiumi tena, na mgongo wangu utakukumbuka."

Alirudia mara mbili, bila mimi kumwomba.

Kwa hiyo najua joka lilisema nini. Sijui msichana alijibu nini, kwa sababu majibu yake yote yalikuwa kwa herufi za shule, na shangazi aliyapita. Sijui kama alishuka. Sijui kama aliposhuka alikuwa kwenye ua wa mama yake au kwingine. Mdogo wangu alijua ni nani mwenye mgongo ule, akalipatia joka neno la kusema, akasubiri nije nikae nilisikie. Neno la kumwachia mtu aende lilikuwa langu, na alinitungia, kwa kuwa alijua mwenyewe nisingeweza.

Shangazi alifumbua macho. "Alikuwa malaika," akasema, nusu kama swali.

Nilikuwa na maelezo yote tayari. Ningemweleza yai, figa, mabibo, Siku ya Kushuka, na angenielewa, kwa sababu mimi ninaeleza vizuri na yeye ana akili. Nikamtazama, amekaa na udongo mikononi, mwanamke aliyezibusu kaunta nne moja baada ya nyingine.

"Alikuwa na mabawa, shangazi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Tulizifunga zile kaunta kwenye kanga yake tukazirudisha mahali pale pale.

Sasa ninaandika ninachokumbuka. Nimefika katikati ya kaunta ya tatu, pale joka linapogusa vilele vya minazi, na kila siku napoteza kitu: alisema minazi mingapi, shuka alilojifunika msichana lilikuwa la rangi gani? Nilimkatiza nikimuuliza upana wa mabawa wakati ningeweza kusikiliza tu. Wanafunzi wangu wa Kikole nawasomea Ijumaa. Wameniuliza inaishaje, nikawajibu kweli, kwamba mwisho ulikuwepo, uliandikwa, nami sikuusikia. Mama hajataka kusomewa. Lakini alfajiri nikiwa likizo namsikia jikoni, anagonga figa la tatu kwa kijiko, kisha anakaa kimya kidogo, anabandika kikaango.

Na simu yangu ina kamera. Ilikuwa nayo siku zote hizo, miaka yote mitano. Nimepiga nayo picha mbao za matangazo, ratiba, ng'ombe wa jirani.

Basi, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nina kazi ndogo ya kukupa, na haina ugumu wowote. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayeandika kwenye daftari, awe mtoto au mtu mzima, nenda leo umwombe akusomee, na usimkatize. Akimaliza, mwombe ruhusa, shika simu yako, upige picha kila ukurasa, kuanzia jalada hadi ule wa mwisho.